Dabi Iliyohamishwa Mara Mbili

Ukitaka kuoa katika mji wetu wa Calderby, unaanza kwa wazazi wa binti, unakwenda kwa kasisi, kisha unakwenda kwa Keith Lumb. Wenye akili huanza kwa Keith, maana wazazi na kasisi hubembelezeka, ratiba haibembelezeki.

Keith alikuwa katibu wa ratiba wa klabu ya raga ya Calderby Mashariki, na sisi watu wa mto huu, wa ng'ambo zote mbili, hatumwozi mtu siku ya mechi. Wageni hudhani ni dini. Ingekuwa dini tungepata angalau thawabu. Ni hofu tu ya kuagiza pai mia mbili za nyama halafu zije kuliwa na shangazi wawili na mpiga kinanda. Kwa hiyo ratiba ya msimu ikitoka mwezi wa kumi na moja, wachumba hujipanga foleni jikoni kwa Keith, naye hukaa mezani na miwani miwili, mmoja puani na mwingine juu ya kipara, akigawa Jumamosi kama mtu anayegawa viwanja vya urithi.

"Tupe ya mwezi wa sita, Bwana Keith."

"Mwezi wa sita tuko nyumbani mara tatu. Chukueni tarehe ishirini na moja. Tuko ugenini, mbali, na tutafungwa. Hakuna atakayekwenda."

Raga yetu, ijulikane, ni ile ya watu kumi na tatu. Iko nyingine ya kumi na tano, huchezwa na mawakili na madaktari wa meno, na jina lake hatulitaji mbele ya watoto.

Zamani kila klabu ilikuwa na kiwanja chake. Cha Mashariki kiliuzwa kikawa supamaketi, cha Magharibi kikawa maghorofa ya wastaafu, na klabu zote mbili zikaishia kuwa wapangaji kwenye uwanja mpya wa timu ya soka, kule kwenye barabara ya mzunguko. Mahasimu wa miaka mia na ishirini sasa wanafulia jezi kwenye mashine moja. Dabi huchezwa mara mbili kwa mwaka, Ijumaa Kuu Mashariki wakiwa wenyeji, na mwezi wa nane Magharibi wakiwa wenyeji. Mwenyeji hupata chumba chenye maji ya moto na jina lake hutangulia kwenye ubao. Mgeni naye husafiri kutoka chumba cha pili, umbali wa hatua kumi na nne. Tumezihesabu, na watu wazima wamewahi kupigana ngumi kwa sababu ya hatua hizo.

Mwaka ule theluji ilianguka mwezi wa kwanza, mechi moja ya soka ikaahirishwa, na siku mpya waliyoipata ilikuwa Ijumaa Kuu jioni. Imtiaz Mahmood, meneja wa uwanja, alimpigia Keith simu kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"Nyasi zangu hazibebi mechi mbili siku moja, mzee wangu. Wewe unajua, mimi najua, nyasi zenyewe zinajua."

"Usijali," Keith akasema. "Niachie mimi."

Akakata simu akasugua viganja. Sitaki kumsingizia, lakini alifurahi. Mechi zikienda zilivyopangwa, katibu wa ratiba ni mzee mmoja tu mwenye kitabu. Mechi ikikwama, ndipo watu humkumbuka jina. Katika miaka thelathini na mmoja Keith alikuwa amehamisha mechi kwa ajili ya barafu, mafuriko, na mara moja sarakasi iliyokataa kuondoka, na hakuwahi hata siku moja kugonganisha tarehe. Jambo hilo alilisema mwenyewe, mara kwa mara, bila kuombwa.

Siri yake ilikuwa kitabu. Mashariki waliandikwa kwa wino wa kijani, Magharibi kwa mwekundu, soka kwa bluu. Mambo mengine yote ya dunia, yaani daktari, mazishi, siku ya kuzaliwa ya mkewe Maureen, yaliandikwa kwa penseli. Kila mwisho wa mwezi Keith alichukua kifutio akafuta penseli yote, ya mwezi ule na ya miezi ya mbele, apate kuona nafasi halisi. Alikuwa akipuliza vumbi la kifutio kwa raha kabisa, kama mtu aliyemaliza kufagia ua.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Imtiaz, mbele ya dirisha linalotazama uwanja. Upande wa pili wa meza alikaa Sheila Crabtree, katibu wa ratiba wa Magharibi, mwanamke aliyeendesha basi la mji kwa miaka ishirini na mitano na ambaye hadi leo hasemi na mtu bila kumtazama kana kwamba hajalipa nauli. Sheila alikuwa shangazi yake Nathan, na Nathan alikuwa amemposa Joanne, mtoto pekee wa Keith. Walikuwa karibu kuwa ndugu, jambo ambalo kila mmoja wao alikuwa analimeza polepole.

"Haya, mkwe," Sheila akasema. "Tuoneshe uchawi wako."

Keith akafungua kitabu. Akawapitisha kwenye Pasaka nzima, akawaonesha kwa nini Jumatatu haifai na kwa nini Alhamisi haifai, akapiga kona kwenye mwezi wa nne, na hatimaye akaweka kidole juu ya kisanduku cheupe, cheupe kabisa, kisicho na kijani wala wekundu wala bluu.

"Jumamosi, tarehe kumi na saba mwezi wa tano. Saa tisa mchana."

Ofisi ikanyamaza. Imtiaz akageuka akatazama nyasi zake. Sheila akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena.

"Una uhakika, Keith?"

"Sheila, kazi hii nimeifanya miaka thelathini na mmoja."

"Tarehe kumi na saba."

"Kumi na saba."

"Umeshazungumza nyumbani?"

"Nyumbani!" Keith akacheka. "Mke wangu hajawahi kuniingilia kwenye ratiba."

"Haya basi," Sheila akasema taratibu. "Umesema mwenyewe." Akatia sahihi.

Keith aliuchukulia ukimya ule kuwa ni heshima. Mwanamume akishajipenda vya kutosha, hata akizomewa husikia makofi.

Habari zikamtangulia mjini. Alipopita duka la chipsi kununua samaki wake wa Jumatano, muuzaji, bwana mmoja mnene aitwaye Trevor, aliacha kukaanga akamtazama.

"Kwa hiyo ni kweli? Kumi na saba?"

"Ni kweli."

"Una moyo wewe, Keith. Mimi nisingeweza."

"Kazi ni kazi," Keith akajibu, akaongezewa njegere za kupondwa bila kuomba. Bibi mmoja kwenye foleni akatikisa kichwa akasema, "Maskini," na Keith akadhani anamzungumzia samaki.

Maureen alikuwa anamimina chai alipoingia. Keith akavua koti, akalitundika, akasimama katikati ya jiko kama mtangazaji.

"Nimeipata. Jumamosi, tarehe kumi na saba mwezi wa tano."

Maureen akaendelea kumimina hadi kikombe kikajaa, akaweka birika chini, akalifunika vizuri.

"Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Harusi ni saa nane."

"Harusi ya nani?"

Ndugu msomaji, kuna maswali ambayo mtu akishayatoa mdomoni angetoa figo moja ayarudishe. Keith alimwona mkewe akimtazama, si kwa hasira, bali kwa udadisi, vile unavyomtazama mnyama usiyewahi kumwona nje ya picha. Akakimbilia kitabu. Akakiinua kwenye taa. Chini ya ule weupe wa tarehe kumi na saba, ukikiinamisha vizuri, ulionekana mchubuko wa penseli, herufi ya J na kitu kilichofanana na kengele.

"Mimi nilidhani ni wiki ya mwisho," akasema.

"Ulimpa tarehe wewe mwenyewe, Keith. Jikoni humu. Alikaa kile kiti."

"Joanne anajua? Kuhusu dabi?"

"Redio ya mji imetangaza saa kumi na moja. Kila mtu anajua."

"Amesema nini?"

"Amesema, 'Sawa.'"

Keith akakaa. Angesema 'mshenzi' angeweza kujitetea. Angelia, angembembeleza. Lakini 'sawa' ni neno la mtu aliyeletewa kitu alichokuwa anakitegemea, na lilimuuma Keith kwenye mbavu kabisa.

"Sitakupigia kelele," Maureen akasema. "Nimepiga kelele miaka thelathini na tisa, nimechoka koo. Suti yako iko kwenye kabati. Utakwenda unakokwenda."

Ningependa kusema kwamba palepale Keith aliamua kama baba. Hapana. Alichofanya kwanza ni kupiga hesabu. Ibada inaanza saa nane. Nyimbo mbili, mahubiri mafupi, saa nane na dakika thelathini na tano ndoa imefungwa. Teksi ikisubiri nyuma ya kanisa, dakika kumi na moja hadi uwanjani, au tisa ukipitia kiwanda cha rangi. Kwa mawazo alikuwa ameshafika kwenye mataa ya barabara ya mzunguko, akiwa na ua kwenye koti, alipojishtukia. Aliona haya peke yake mezani, masikio yakamwaka moto. Kinyozi hajinyoi, wanasema wahenga. Huyu alikuwa amewanyoa mji mzima, akafika kwa binti yake akamkata sikio.

Asubuhi akavuka daraja kwenda kwa Sheila. Mtu wa Mashariki hapigi hodi upande ule bila sababu nzito, na mapazia ya nyumba nne yalicheza alipopita. Sheila alimfungulia akiwa na aproni. Juu ya rafu ya sebule, katikati, palikuwa pamesimamishwa kadi ya mwaliko yenye maua ya fedha na tarehe yake imeandikwa kwa herufi kubwa.

"Ulijua," Keith akasema. "Jana ulijua!"

"Si mimi ndiye shangazi? Hata Imtiaz amealikwa."

"Mbona hukusema?"

Sheila akamsukumia kiti. "Nilikuuliza mara tatu, bwana. Nilidhani unajua. Nilidhani umechagua."

"Mtu gani anaweza kuchagua hivyo?"

Sheila akainua birika. Akamwekea chai mbele yake na biskuti mbili, na kwa Sheila biskuti mbili ni za msiba mkubwa. Keith akafahamu kwamba ofisini jana watu wawili waliomfahamu vizuri walikuwa wameamini, bila kushangaa sana, kwamba Keith Lumb anaweza. Na Trevor wa chipsi ameamini. Na bibi wa foleni.

"Nataka kuihamisha tena," akasema.

"Ligi inachukia mechi iliyohamishwa mara mbili."

"Najua. Nimewahi kuwaandikia barua ya kuwapongeza kwa msimamo huo."

Sheila akaleta kitabu chake. Yeye aliandika kila kitu kwa kalamu moja nyeusi, mechi na daktari wa macho na kuku wa Jumapili, vyote vikisongamana, na Keith alikuwa amekidharau kitabu kile kwa miaka. Wakatafuta kwa saa nzima. Siku iliyobaki ilikuwa moja tu, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba, na siku ile Magharibi walikuwa na mechi yao. Ili Keith aipate, ilibidi Magharibi waisogeze hiyo yao hadi katikati ya wiki, mvua inyeshe isinyeshe.

"Ingekuwa mimi ningekupa bure," Sheila akasema. "Lakini kamati yangu haitoi kitu bure kwa Mashariki. Hawajawapeni hata salamu tangu mwaka wa mafuriko. Watataka uenyeji."

"Wa mechi hiyo?"

"Wa mechi hiyo. Dabi zote mbili mwaka huu tutakuwa wenyeji sisi."

Keith akaona chumba chenye maji ya moto kikifungwa. Akaona vijana wake kumi na watatu, matope hadi kwenye nyusi, wakioga maji baridi mara mbili kwa mwaka mmoja, jambo lisilowahi kutokea tangu tuanze kugawana uwanja ule. Akaona jina la Mashariki likiwa la pili kwenye ubao mara zote mbili. Kwa mtu mwingine hayo ni mabomba na maandishi. Kwa Keith ilikuwa kama kuambiwa avue suruali sokoni.

"Nitatia sahihi," akasema.

"Na kwenye fomu pana mahali pa kueleza sababu. Lazima isomwe mbele ya kamati zote mbili."

"Nitaandika 'sababu za kifamilia'."

"Ligi haikubali hiyo tangu yule mwenzetu alipomuua bibi yake mara nne kwenye fomu katika msimu mmoja. Andika ukweli, mkwe. Ndio utakaopita."

Kikao cha kamati mbili kilifanyika kwenye baa ya uwanja, chumba pekee ambacho pande zote hukubali kuingia. Walikuja watu arobaini, maana habari njema huvuta watu. Imtiaz ndiye aliyepewa fomu asome, kwa kuwa yeye si wa upande wowote, na alisoma kwa ile sauti yake ya msiba.

"'Sababu ya kuomba tarehe mpya. Mimi, Keith Lumb, katibu wa ratiba kwa miaka thelathini na mmoja, niliandika harusi ya mwanangu kwa penseli, nikaifuta mwenyewe, nikaweka mechi juu yake. Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Naomba radhi.'"

Imtiaz akaikunja fomu. Kisha mzee mmoja wa Magharibi, kule nyuma kabisa, akauliza, "Alitumia penseli ya rangi gani?" na chumba kikapasuka. Watu walicheka hadi wakashikana mabega, Mashariki na Magharibi pamoja. Mweka hazina wa Mashariki, aliyesimama na Keith kwenye mvua tangu wakiwa vijana, alilazimika kuweka bia chini asiimwage.

"Keith," akasema huku akijifuta machozi, "si wewe uliyenipangia harusi yangu?"

"Ndiyo."

"Na ya dada yangu?"

"Na talaka yake pia. Alitaka siku isiyo na mechi."

Wakacheka tena. Keith naye akacheka, kwa kuwa lilikuwa jambo la kuchekesha na aliyelifanya alikuwa yeye. Kura ikapita. Akatia sahihi kwa wino wa kijani, na hapo hapo mtu wa Mashariki akapaza sauti, "Mmemwona aliyeuza bafu letu!" Jina hilo linamfuata hadi leo. Watoto humwita Mzee Bafu, naye huwapungia mkono.

Siku iliyofuata alikwenda kumwona Joanne kazini. Joanne aliuza dawa kwenye ile supamaketi iliyojengwa juu ya uwanja wetu wa zamani, na kaunta yake, kwa vipimo vya Keith, ilikuwa mita ishirini kutoka mstari wa goli la kaskazini. Keith akajipanga foleni nyuma ya mama mwenye mtoto anayekohoa. Mfukoni alikuwa na nakala ya fomu, imekunjwa mara nne. Alitembea kama mtu anayeleta kombe nyumbani.

"Nimeihamisha," akasema zamu yake ilipofika, akaikunjua juu ya kaunta.

"Nimeisoma, Baba. Trevor ameibandika kwenye kioo cha duka."

"Tumetoa uenyeji. Zote mbili."

"Najua. Nathan amefurahi sana." Joanne akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli. "Asante. Najua si kitu kidogo kwako."

"Kwa hiyo nitakuwepo. Nitakushika mkono, tutaingia kanisani pamoja, kila kitu kama kawaida."

Joanne akaangalia kama kuna mtu nyuma ya baba yake kwenye foleni. Hapakuwa na mtu.

"Mama ndiye atakayeniingiza, Baba."

"Aa, hiyo naielewa. Ulipanga hivyo baada ya redio. Lakini sasa mechi imeondoka. Mwambie tu mama yako..."

"Nilimwomba mwezi wa kumi na moja."

Keith akapiga hesabu, kwa mazoea. Mwezi wa kumi na moja theluji haijaanguka. Soka haijahama. Kisanduku cha tarehe kumi na saba bado kina penseli yake.

"Mwezi wa kumi na moja nilikuwa sijakosea," akasema.

"Nilikuja jikoni siku ile kuomba Jumamosi. Nilikaa foleni, unakumbuka? Nyuma ya mtoto wa fundi bomba na mchumba wake. Ukafungua kitabu, ukaniambia, 'Tarehe kumi na saba iko wazi. Hata mimi nitaweza kuja.'" Alisema bila ukali wowote, akipanga vichupa vya dawa ya kikohozi. "Hata wewe. Nikapanda juu nikamwomba Mama jioni ileile."

Keith akataka kusema kwamba ilikuwa ni mzaha. Akajikagua kwa uaminifu, akaona haikuwa mzaha. Ilikuwa taarifa ya ratiba.

"Hakuna utaratibu wa kuomba upya?" akauliza. "Naweza kuandika."

"Hapana, Baba." Macho yalikuwa yamemlowa lakini alikuwa anacheka kidogo, maana alimjua baba yake. "Hii haihamishwi. Kaa mstari wa mbele. Na uje mapema."

Akampa pakiti ya tembe za koo, kwa kuwa sasa nyuma ya Keith alikuwa amesimama mteja na ilibidi aonekane amenunua kitu. Keith akatoka nazo, akakaa kwenye gari, akalia. Hakuna aliyemwona ila kijana anayekusanya vitoroli, na yeye alidhani ni mambo ya Mashariki na maji baridi.

Tarehe kumi na saba mwezi wa tano kulikuwa na jua, na uwanja ulikuwa mtupu, mashine za kumwagilia nyasi zikizunguka peke yake. Keith alifika kanisani saa sita na dakika ishirini. Milango ilikuwa imefungwa. Akakaa kwenye ngazi na suti yake, kiatu kikimbana, hadi mwenye funguo akaja akamfungulia huku akimwuliza kama amekosea siku. Keith akamjibu kuwa swali hilo ni la haki kabisa.

Akachagua kiti cha mstari wa mbele, pembeni mwa njia. Watu wakaja. Sheila akaja na kofia kubwa kama sinia, akatakiwa kukaa upande wa bwana harusi, akatazama, akaja kukaa karibu na Keith.

"Uko upande usio wako," Keith akamnong'oneza.

"Leo mimi ni mgeni. Nimetembea hatua nyingi kuliko kumi na nne. Sogea."

Akasogea. Kinanda kikalia, watu wote wakasimama na kugeuka. Maureen alikuwa amevaa bluu, ameshikana mkono na Joanne, na walitembea taratibu, vizuri, kama watu waliofanya mazoezi tangu mwezi wa kumi na moja. Keith alitazama na hakuona mahali palipokosekana mtu. Kifua kilimjaa, kwa fahari na kwa uchungu, na hakujaribu kuvitenganisha.

Walipokaribia mstari wa mbele, Joanne akageuza kichwa. Macho yake yakapita kwa Sheila, yakafika kwa Keith, na uso wote ukafunguka.

"Baba! Umekuja!" akasema, kwa sauti kuliko alivyokusudia, na kanisa zima likacheka kwa upendo.

Keith naye akacheka, akapunga mkono. Ilikuwa furaha tupu, kila mtu aliisikia. Lakini yeye ndiye aliyekuwa baba yake, na alisikia kingine ndani ya sauti ile. Hadi dakika ile, mwanawe hakuwa na uhakika.